Mchora Bahari wa Wadi Kabir

Msumari uliokuwa ukutani kwa mama, pale juu ya kasha, niliupiga mimi kwa mkono wangu, na picha iliyotundikwa juu yake ilichorwa na Mwalimu. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nitamsifu mtu huyu kwa moyo mweupe. Nitamsifu, maana hakuna njia ya kumweleza bila kumsifu, lakini kila sifa itanitoka kwa taabu. Nilimwonea wivu Unguja, nikamwonea wivu melini, na Maskati nilimwonea wivu miaka yote bila kupumzika, na sioni haya kusema.

Unguja alikuwa mwalimu wetu wa kuchora. Siku moja aliinua karatasi yangu mbele ya darasa akasema, "Huyu ana jicho." Niliishi kwa maneno hayo mpaka nikaota ndevu. Tulipofika Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi na mama pamoja na yeye katika meli moja, hapakuwa na darasa la kuchora la kumpa mtu kazi. Mimi nilipata nafasi katika ofisi ya kampuni moja iliyokuwa ikipima nchi, nikawa nanakili ramani kwa wino na rula, nimeinamia meza kutwa, na nikirudi nyumbani mama ananigombeza ninyooshe bega. Yeye alipata kazi Matrah, mji wa bandari wa jirani, kwa tajiri mmoja wa mchele na chai, akiandika alama za tajiri juu ya makasha na magunia. Mtu aliyesomea kuchora ng'ambo, anapaka herufi nyeusi juu ya gunia! Nilimhurumia. Huruma ile ilinipendeza sana, na laiti ingedumu.

Haikudumu, na sababu ni makasha yenyewe. Kasha la chai likivunjika, tajiri alimwachia ubao wake, na ubao ule mwembamba akaufanya wa kuchorea. Rangi alizitafuta popote. Nyeusi ilikuwa ya makasha, nyeupe ilikuwa mabaki ya rangi ya mashua, njano ilikuwa manjano ya jikoni, na buluu ilikuwa ile ya kufulia nguo nyeupe, ambayo aliibania kuliko bahili anavyobania fedha. Akikuona unatumbukiza brashi yote kwenye buluu yake alikuwa anaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Picha ikishakauka aliipitishia kahawa nzito juu yake yote, mbingu na bahari na watu, ili mwanga wake uwe wa zamani. Nyumba iliyopata picha ya Mwalimu ilinukia kahawa kwa siku nyingi.

Alichokuwa akikichora ni bahari, na hakuchora kitu kingine. Hakuwa na chui, wala maua, wala msikiti. Ni pwani, mawimbi, meli, na mbingu kubwa isiyo na huruma.

Jambo hili lilitoka katika kitabu. Wakati watu wengine walipopanda meli na nguo zao, na wenye dhahabu na dhahabu zao, Mwalimu alipanda na foronya, na ndani ya foronya mlikuwa na kitabu kikubwa cha picha za rangi. Zilikuwa kazi za wachoraji wa Ulaya waliokufa zamani, zaidi ya miaka mia, waliokuwa wakizunguka pwani za kwao kuchora dhoruba, ukungu, meli zilizopanda miamba, na magharibi zenye rangi ya kaa la moto. Jalada la kitabu lilikuwa limekwisha kufa na kurasa alizishona kwa uzi wa gunia. Alikuwa akikifungua juu ya mkeka, anakufunulia ukurasa mmoja tu, kisha anafunga. Ukitaka wa pili urudi Ijumaa nyengine.

"Watu hawa," aliniambia mara moja, "walikuwa wakimwogopa Mungu."

"Wazungu?"

"Hebu tazama. Mbingu robo tatu, na binaadamu kama sisimizi. Asiyemwogopa Mungu angeanza na binaadamu."

Yeye mwenyewe alianza na mbingu. Asubuhi nzima alipaka mbingu tu, anapanda na kushuka na kipande cha gunia badala ya brashi, na ardhi ilipata makombo, ukanda mwembamba huko chini. Mimi nimefunzwa ofisini kuanza na mstari wa upeo, kwa penseli na rula, halafu kugawa. Nilipofanya hivyo mbele yake aliufuta mstari wangu kwa dole gumba, taratibu, bila hata kunitazama. "Bahari haikupigwa rula, bwana," akasema.

Basi nikaenda nyumbani nikachora forodhani pa Unguja kama palivyoonekana kutoka baharini, kwa kumbukumbu yangu. Kila nyumba, kila roshani, ngazi za forodha, taa, bendera. Nilikesha na kuamka na picha ile kwa wiki kadhaa. Sidhani kama yupo mtu mwengine aliyeshuka katika meli ile ambaye angeweza. Nikampelekea Ijumaa baada ya sala. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa heshima, nami moyo unanidunda kama mtoto anayengoja kuinuliwa karatasi yake.

"Sahihi," akasema. Akanirudishia. "Sahihi kabisa."

Mpaka leo neno hilo likitamkwa karibu yangu huninyima raha. Siku hiyo hiyo aliingia mke wa muuza halua, jirani yetu wa chini, kuchukua picha aliyoagiza. Ilikuwa Unguja ile ile, lakini ya Mwalimu: moshi wa wingu, bahari imevimba, mwanga wa dhahabu umepasua mahali pamoja na kuangukia nyumba ambazo hukuweza kuzitambua hata moja. Mama yule aliweka buibui mdomoni akalia. "Ndipo," akasema. "Ndipo khasa. Hivi ndivyo nilivyopaacha." Nikamkumbusha kwamba tulipoondoka palikuwa na jua kali na mbingu haina hata utando. Mwalimu akasema, "Wewe ulikuwa na jua. Bi mkubwa huyu alikuwa na wingu." Akampa picha yake, na mama yule akamwachia kifurushi cha halua, akatoka akiikumbatia kama mtoto mchanga.

Tena nilijua siri yake. Mwalimu hakuona chochote siku ile! Meli ilipong'oa nanga yeye alikuwa chini kabisa, amelala juu ya mizigo, na ndoo mbele yake. Alitapika tangu bandarini. Aliinuka tu tulipoingia Maskati, akapanda juu akishika kamba, uso wa kijani, akaona milima. Mtu pekee kati yetu ambaye hakuiona Unguja ikipotea ndiye aliyekuwa akiwachorea watu wote Unguja ikipotea, nao wakimwambia ndipo. Nilimwambia mama. Mama akasema, "Maskini, alikuwa taabani," akamwekea kando sahani ya mkate wa ufuta.

Alikuwa akiiogopa bahari waziwazi. Hakutia hata mguu. Sisi wa Matrah tuliishi tukiisikia usiku kucha, yeye akachagua kukaa Wadi Kabir, nyuma ya milima, ambako siku hizo hapakuwa na gereji wala maduka, ni bonde la mawe, mbuzi na vibanda vichache vya makuti ya mtende. Kutoka kwake huoni maji hata ukipanda juu ya kibanda. Nikamuuliza mchora bahari anakaaje mahali kama pale. Akasema kuwa jirani anayeonekana kila siku hutaona haja ya kumkumbuka. Kibanda chenyewe mwanga uliingia kwa mistari kati ya makuti, ukalala juu ya picha zake, na kwa vile alikuwa maridadi katika mambo kama hayo, alikuwa akihamisha ubao pole pole kufuata mstari mmoja wa jua kutoka upande huu mpaka ule. Chai yake ilikuwa mbaya. Nalisema hilo kwa furaha.

Alikuwa pia na tabia ya kumsindikiza mgeni mpaka mlangoni na kubaki amesimama, anamtazama mpaka akate kona ya wadi, lile bonde kavu. Mara nyingi mimi nilitoka kwake nimenuna. Sikuwahi kugeuka, lakini nilijua yuko pale. Nilidhani ni adabu ya watu wa zamani.

Hadithi aliyopenda kuisimulia ilikuwa ya askari wa lango la mji. Siku hizo Maskati mjini huingii na kitu bila kuulizwa, na Mwalimu alikuwa amebeba ubao uliofungwa kwa gunia, anampelekea mtu. Askari akamsimamisha, akauliza kwa Kiarabu ni nini hicho. Mwalimu, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni zaidi kuliko cha sokoni, akasema, "Bahari." Askari akageuka, akaitazama bandari nyuma yake, akasema, "Bahari iko kule. Wewe unaileta ya nini?" Ikabidi aifungue. Askari akainama, akatazama kwa muda, akapitisha kiganja mbele ya picha bila kuigusa, kama anayepima upepo. Kisha akamwambia, "Ingia, lakini usiimwage." Mwalimu alicheka mpaka machozi kila alipofika hapo. Mimi mwenyewe nilipita lango lile mara nyingi na ramani zangu, na hakuna askari aliyewahi kunitania.

Ndani ya lango hilo, upande wa bandari, miamba imeandikwa majina ya meli. Ni mabaharia wa kila taifa waliopanda kwa kamba na ndoo za rangi wakaandika jina la chombo chao, herufi kubwa kuliko mtu. Nilikaa naye siku moja kwenye kivuli tukiyasoma. Nilitaka kumwonesha kuwa nami nina la kusema, nikasema herufi zile zimepimwa vizuri, kwa mtu aliyening'inia. Akasema, "Hao nao walikuwa wachoraji. Ila walijua kuchora jina lao tu." Nikakaa nafikiri kama ananisema mimi. Nilimtazama usoni, naye alikuwa anatafuna ukoko wa halua kwa utulivu kabisa.

Sasa nifike kwenye migongo, maana hapo ndipo aliponiua.

Watu wetu wengi hawatundiki picha yenye uso wa mtu mahali wanaposwali. Ndivyo walivyolelewa, na chumba chetu Matrah kilikuwa kimoja, hapo mnalala, mnakula na mnaswali. Mwalimu alilitatua jambo hilo kutoka kitabuni. Wale wachoraji wake wa zamani walikuwa na mtindo wa kumsimamisha mtu pwani, mdogo, amekupa mgongo, anatazama maji. Huoni uso wake. Mwalimu aliwaambia kina mama kwamba mgongo si sura, na kina mama wakaridhika, tena wakaridhika kupita kiasi, maana kila mmoja alimjua mwenye mgongo. Huyu mjomba. Huyu marehemu shangazi, tazama anavyoshika ukaya wake kichwani. Mtu wa urefu wa ukucha, hana pua wala macho, na wao wanamwita kwa jina.

Baba yangu alibaki Unguja. Alitupandisha melini mama na mimi, akasema atafuata. Hakufuata. Habari ya kufa kwake ilitufikia baadaye kwa mdomo wa mtu, sebuleni kwa watu, na mama alisema alhamdulillah akaomba maji ya kunywa. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, ziliachwa pamoja na kila kitu. Nikajiambia: hapa sasa ndipo jicho langu litakapofaa. Nikamchora baba. Uso wake wote, kovu dogo la nyusi, meno, nakshi za kofia tundu kwa tundu. Mwaka mzima nilikuwa nikimchora na kumfuta. Siku niliyomaliza nikapiga msumari juu ya kasha kabla mama hajarudi kutoka kisimani, ili akute kila kitu tayari.

Mama aliipokea, akakaa chini. Akaitazama. Akaibusu, midomo juu ya karatasi kabisa. "Mashaallah, mwanangu," akasema. "Umemtoa. Umemtoa khasa, utadhani atasema." Halafu akatoa kanga mpya, akaikunja picha ndani yake, akaitia chini kabisa ya kasha.

"Mama, msumari huu hapa."

"Nnauona. Lakini uso siutundiki, mwanangu. Nnaswali humu." Akafunga kasha. "Na tena, hivyo ulivyomchora, ananitazama. Anantazama mimi nimefika na yeye hakufika. Sitoweza."

Msumari ukabaki mtupu. Nilikuwa nikiuona kila nikifungua macho asubuhi.

Siku moja nimerudi kazini, nikasikia harufu ya kahawa tangu ngazini. Picha ilikuwa imeshatundikwa. Mbele, ukanda wa pwani ya kwetu, ngazi za forodha. Juu yake mtu wa kanzu amesimama, ametupa mgongo. Mbele yake bahari, na mbali mno kimeli kidogo, halafu mbingu, mbingu isiyokwisha, imeng'ara chini na kuwa nzito juu, na pale inapokutana na maji pana utepe wa giza ambao mimi niliona ni mawingu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele yake. Aliinuka, akaweka ncha ya kidole chini ya yule mtu.

"Huyu ni yeye," akasema.

Nikasogea kutafuta kosa. Nilikuta bega. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, na kichwa kimeelekea upande huo, kama mtu anayesikiliza. Ndivyo baba alivyosimama. Hakuna mtu mwengine aliyesimama hivyo mjini kwetu, na Mwalimu alimjua baba kwa kusalimiana njiani tu. Kovu, kofia, meno, mwaka mzima, vimekunjwa ndani ya kanga. Na mpako mmoja wa brashi chafu umepata bega na kupewa msumari wangu.

"Amelijuaje bega?"

"Muulize mwenyewe," mama akasema, na ilikuwa kama anatabasamu.

Sikumuuliza. Ningekufa kwanza. Nilipunguza kwenda Wadi Kabir, na nilipokwenda nilizungumza habari za bei ya samaki. Yeye akawa anakuja kwetu siku ambazo mimi niko kazini, anakunywa chai nzuri, anakaa na mama wanazungumza Unguja. Nikirudi nakuta vikombe viwili. Wako waliokuwa wakiona wivu kwa ajili ya wanawake. Mimi nilikuwa nikiona wivu kwa kikombe.

Nililala na picha ile, nikaamka nayo. Katika mwanga wa chumba kile, chenye dirisha moja la ukubwa wa kitabu, na kahawa aliyoipaka juu yake, hukuweza kuona zaidi ya mgongo na mng'aro. Niliizoea kama mtu anavyomzoea mgeni asiyeondoka.

Ukaja mwaka wa sabini, mambo yakabadilika nchini, watu wetu wakaanza kumiminika kutoka kila upande, na kazi zikapatikana. Shule mpya zilikuwa zikitafuta walimu. Waliotumwa kuwatafuta walikwenda moja kwa moja Wadi Kabir, na kwangu hakuna aliyebisha hodi. Hata hilo nililimeza. Mimi nilipandishwa cheo ofisini, nikapata nyumba ya vyumba vitatu yenye madirisha ya kweli. Siku ya kuhama mama alisema mizigo yote ibebwe na wapagazi, ila picha niibebe mimi.

Nikaiteremsha ngazi, nikatoka nayo uani, na jua la saa nne likaipiga. Ndipo nilipoona kwamba ule utepe wa giza pale upeoni haukuwa mawingu.

Ilikuwa milima. Na si milima tu. Ofisini kwetu kuna karatasi moja ya pwani ya Maskati na Matrah kama ionekanavyo na meli inayokaribia, nami nimeinakili mpaka mkono unaijua wenyewe: meno matatu, pengo, mgongo mrefu, halafu kile kilele kilichovunjika. Vyote vilikuwepo. Mtu amesimama juu ya ngazi za forodha ya Unguja, na ng'ambo ya maji anaiona milima ya Matrah!

Sikumbuki furaha kubwa zaidi ya ile. Mtu aliyeletwa hapa akitapika, hajui kwao palivyo, amechanganya pwani mbili, ameziweka uso kwa uso kama nyumba mbili za mtaa mmoja, na miaka yote hiyo hakuna aliyemgundua. Mimi nimemgundua. Niliifikisha picha nyumba mpya, nikaiegemeza ukutani, nikamwambia mama nnarudi sasa hivi. Nikapanda gari la kwanza lililokuwa likipita Wadi Kabir.

Nilimkuta anafunga vitu vyake kwa ajili ya hiyo shule. Alikuwa amekonda. Kitabu kimekwisha rudi ndani ya foronya. Alinikaribisha, akaweka chai yake mbaya, nami sikungoja hata ipoe.

"Mwalimu, Unguja huoni milima."

"Huoni," akasema.

"Ukisimama forodhani, ukitazama baharini, huoni mlima wowote."

"Kweli kabisa."

"Basi kwa mama umechora milima. Umechora Matrah, na kila jino nalijua. Haiwezekani mtu asimame Unguja aione Maskati."

Aliweka kamba aliyokuwa akifungia, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Hakuonekana mtu aliyekamatwa. Alionekana mtu aliyefikiwa na habari aliyokuwa akiingoja.

"Mamako ndiye aliyeniomba," akasema. "Alisema baba yako hakuwahi kujua mlipofikia. Alisema, 'Mwalimu, mtilie milima ya hapa, apaone tulipo, moyo wake utue.' Nikamtilia."

Kilichonitoka kilikuwa wivu ule ule.

"Mimi mwanawe nachora. Nalala chumba kimoja naye. Kwa nini hakuniomba mimi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo." Alifikiri kama aseme au asiseme, na alikuwa mtu asiyejua kusema uwongo isipokuwa kwa rangi. "Alisema utakataa. Alisema utamwambia haiwezekani."

Mwanga wa makuti ulikuwa umelala mistari mistari juu ya mkeka. Nilikunywa chai yote, mbaya kama ilivyo.

"Na bega?" nikasema hatimaye. "Bega ulilipata wapi? Humjui baba kiasi hicho."

"Simjui. Mamako kanambia, 'Mwanangu huyu anatembea kama baba yake, khasa akikasirika.'" Akainua mkono kuuelekeza mlango. "Nawe kwangu ulikuwa hutoki bila kukasirika. Nilikuwa nasimama pale nakutazama mpaka unakata kona. Picha tatu niliharibu kabla sijakupata."

Niliaga. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama kawaida yake. Nikatembea juu ya mawe ya wadi najua fika yuko nyuma yangu, na bega la kushoto lilikuwa zito kama nimebeba gunia, na sikuthubutu kulinyoosha. Miaka yote nilikuwa nikikionea wivu kipande cha ubao, kumbe aliyewekwa kwenye msumari ule ni mimi. Na bado, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu yule wa ubaoni, kwa kuwa mama alikuwa akikaa mbele yake kila jioni na kumtazama kwa upole ambao mimi mzima sikuupata.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi juu ya kasha katikati ya chumba kipya, mizigo imemzunguka, ametulia.

"Ushamuuliza?" akasema.

"Nishamuuliza."

Alinipa nyundo na msumari, akanionesha ukuta, ule unaoelekeana na dirisha, ambako jua lingeipiga picha mchana kutwa na kila mtu ataiona milima. Nikapiga msumari. Nikaitundika, nikainyoosha, nikarudi hatua nyuma nikasimama kuona kama imekaa sawa, mikono mgongoni, natazama bahari ile na milima yake isiyowezekana. Nilitaka kugeuka nimuulize mama.

"Usigeuke kwanza, mwanangu," akasema nyuma yangu.